KUHESABU KURA NA KUSIKIA HOJA

Wako watu wengi wasemao ya kuwa demokrasia ni kupiga kura, na kura zikisha kuhesabiwa kazi imekwisha. Sisi hatukubali. Kuhesabu kura ni jambo jema, tena la lazima. Lakini hesabu hutuonyesha tu ni upande upi ulio na watu wengi. Haituelezi ni kwa sababu gani watu wale wametaka walitakalo, wala haimwambii aliyeshindwa kwa nini aendelee kukaa kwa amani na jirani yake aliyeshinda. Katika nchi ambayo watu wake wote ni wa asili moja na dini moja, huenda upungufu huu usionekane upesi. Hapa kwetu sivyo. Soko moja la Arusha lina Mwarusha, Mmeru, Mchaga, Mpare, Mrangi, Msomali na Mhindi. Mtaa mmoja una kanisa, msikiti na hekalu. Na nyumba moja yaweza kuwa na baba wa chama hiki na mwana wa chama kile. Mahali kama hapa upungufu huo huonekana asubuhi ya pili baada ya uchaguzi.

Basi neno letu katika toleo hili ni moja. Palipo na watu waliogawanyika, demokrasia haiwezi kusimama ila watu wamefundishwa kutoa sababu za maneno yao, na kuzisikiliza kwa haki sababu za wenzao. Kazi ya kufundisha hivyo ni ya falsafa na ya shule. Na sisi tukaao ofisini, tushikao kalamu na mihuri ya umma, tuna sehemu yetu ndani yake, wala si sehemu ndogo.

Jina la falsafa huwatisha watu, wakadhani ni elimu ya wazee wenye ndevu nyeupe katika vyuo vya mbali. Neno lenyewe limetoka kwa Wayunani, na maana yake ni kupenda hekima. Mtu akiuliza, "Wasema hivi kwa sababu gani? Na mimi nikiwa mahali pako, ningesema vivyo hivyo?" mtu huyo ameingia katika falsafa, ajapokuwa hajui kusoma. Haba na haba maswali ya namna hii humzoesha mtu kutenganisha neno na msemaji wake, hata aweze kulikataa neno bila kumchukia aliyelisema. Tabia hiyo ndiyo tuikosayo.

Na kura peke yake yaweza kukosea sana. Mji wa Athens, ambao watu husema ndio mama wa demokrasia, ulikuwa mji uliogawanyika. Mwaka 404 kabla ya Kristo, baada ya kushindwa vitani, mji ulishikwa na watawala 30 wakatili. Mwaka uliofuata demokrasia ikarudi baada ya wenyeji kupigana wao kwa wao, nao wakaapa kutokumbushana mabaya yaliyopita. Kiapo kile kilikuwa cha hekima. Walakini mwaka 399 raia wa mji huo huo, wakiwa wamekaa kuwa waamuzi, walimhukumu Socrates auawe, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuwauliza watu sababu za maneno yao. Walimhukumu kwa kura zilizohesabiwa vema. Hesabu ilikuwa sahihi, na hukumu ilikuwa mbaya.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uyunani kutafuta mafundisho, maana mlima wetu una mafundisho yake. Bwana P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii, alikaa na Waarusha katika miaka ya 1950, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963. Alionyesha jinsi ugomvi wa shamba, wa mpaka au wa mahari ulivyomalizwa mara nyingi pasipo hakimu wa kukata shauri. Pande mbili zilikutana, kila moja na ndugu zake na msemaji wake, naye ni laigwanani. Zikasemezana, zikaahirisha, zikakutana tena, hata kila upande ukaacha kidogo katika madai yake na mapatano yakapatikana. Mtu aliyetoka barazani hivyo hakutoka ameshinda kabisa, wala hakutoka ameaibika kabisa; naye kesho yake aliweza kuchota maji katika mfereji mmoja na mwenzake.

Tusiusifu mno mwendo wa zamani kana kwamba haukuwa na kasoro. Mwanamke hakuwa na nafasi sawa ya kusema mbele ya baraza, na kijana alisubiri rika lake lipande. Mwenye ndugu wengi na msemaji hodari aliweza kupata zaidi ya haki yake. Kwa hiyo twachukua kwa wazee wetu uvumilivu wao wa kusikia, kisha twaongeza jambo ambalo elimu ya sasa yapasa kulileta, nalo ni kwamba kila mtu, mume kwa mke, mkubwa kwa mdogo, sababu zake zipimwe kwa uzito wake zenyewe.

Mfano mkubwa zaidi ni shauri la ardhi ya Wameru. Tangu enzi ya Wadachi ardhi nyingi chini ya mlima ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Mwaka 1947 ilitolewa taarifa ya Jaji Mark Wilson juu ya ardhi za Arusha na Moshi, na shauri mojawapo lilikuwa kuwaondoa Wameru katika Engare Nanyuki ili nchi kati ya Meru na Kilimanjaro iwe ya walowezi wa Kizungu peke yao, na wenyeji wahamishiwe Kingori. Mwezi Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikateketezwa.

Wakati ule Wameru wenyewe walikuwa wamegawanyika juu ya mangi na juu ya katiba ya utawala iliyoletwa mwaka 1948. Palikuwa na wasomi na wasiosoma, Wakristo na wasio Wakristo, wazee na vijana. Mtu wa nje angedhani ya kuwa watapigana wao kwa wao, maana vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Haikuwa hivyo. Walikutana, wakasemezana, wakaafikiana mambo matatu: hawatashika silaha, hawatapokea fidia, na watapeleka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na wenyeji wake walikuwa na haki ya kupeleka maombi. Wakachanga fedha. Mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Bwana Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, walifika New York wakasema mbele ya Baraza la Udhamini, na baadaye mbele ya Halmashauri ya Nne ya Mkutano Mkuu.

Yafaa kila karani atazame vizuri kazi iliyofanyika hapo. Madai ya mkulima yasema, "Shamba hili ni letu, babu zetu wamezikwa hapa." Maneno hayo ni kweli, lakini mjumbe wa nchi ya mbali asiyejua Meru aweza kuyasikia na kuyasahau. Palihitajiwa watu wa kuyageuza kuwa hoja: Mapatano ya Udhamini yasemaje? Watu walioondolewa walikuwa wangapi, nao walipewa nini? Nchi waliyopelekwa yafaa kwa ng'ombe na mahindi, au haifai? Na kisha palihitajiwa watu wa kurudi mlimani na kuwaeleza wazee kwa lugha yao maneno yaliyosemwa New York. Mwenye elimu alikuwa daraja. Watu walipita juu yake wakienda na kurudi. Elimu yake isingalikuwa na faida kama angalijiona yeye ndiye safari.

Mtu aweza kutuuliza, "Je, walishinda?" Twajibu kwa kweli: mwaka ule hawakushinda. Halmashauri ya Nne iliwaunga mkono, lakini katika Mkutano Mkuu azimio halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa, nao hawakurudishiwa ardhi. Walakini sababu zao hazikufa pamoja na azimio. Kirilo Japhet aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu wa majimbo mengine mambo yaliyotokea, na wengi wakaona kwa mara ya kwanza ya kuwa mnyonge aweza kumwita mkubwa mbele ya baraza na kumtaka atoe sababu. TANU ikazaliwa mwaka 1954, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye akasema mbele ya Baraza la Udhamini. Leo Ngarenanyuki ni kata ya Wilaya ya Meru, na nyanya zake zauzwa katika masoko yetu. Hivyo walioshindwa kwa kura waliacha nyuma yao hoja ambayo waliowashinda hawakuweza kuijibu.

Mfano mwingine wahusu nchi nzima. Tangu mwaka 1965 Tanzania ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi kama wataka chama kimoja au vyama vingi. Katika watu waliotoa maoni, wapatao asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na wapatao asilimia 20 walitaka vingi. Kwa hesabu tupu shauri lilikuwa limekwisha. Lakini tume haikuhesabu vichwa tu, ilipima maneno. Ikaona ya kuwa wengi katika wale waliotaka chama kimoja walitaka pia mambo mengi yabadilishwe, na ya kuwa haki ya wachache kukusanyika si kitu cha kunyimwa kwa wingi wa kura. Ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hata asiyeipenda siasa ya vyama vingi akubali ya kuwa hapo wachache walisikiwa. Nasi twapata onyo ndani yake: mapatano ya wote ni mazuri yakipatikana kwa hoja, lakini umoja upatikanao kwa kuwanyamazisha wasiokubali ni ukimya tu.

Sasa twaja kwa shule. Je, yatosha kusema, "Watu wasome, na mgawanyiko utakwisha"? Mji wetu wenyewe umeonyeshwa ya kuwa haitoshi. Tarehe 4 Agosti 1993 mapatano ya amani ya Rwanda yalitiwa sahihi hapa Arusha. Miezi 8 baadaye, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakaanza kule. Kisha Mahakama ya Kimataifa ya mauaji yale ikawekwa hapa hapa kwetu, ikafanya kazi hata mwisho wa mwaka 2015. Na walioletwa mbele yake hawakuwa watu wasiojua kusoma. Mmoja alikuwa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, ambaye alikiri na kuhukumiwa mwaka 1998. Mwingine alikuwa Ferdinand Nahimana, profesa wa historia, aliyehukumiwa mwaka 2003 kwa ajili ya redio iliyopanda chuki. Profesa wa historia! Elimu yake ilikuwa nyingi, naye alikuwa na maarifa ya kutosha kuutia sumu ujirani wa taifa zima. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya shule ni kama yamfundisha mtoto kuuliza na kusikia. Wingi wa shule ni swali linalofuata.

Mwalimu Nyerere alilitambua jambo hili katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, uliotoka mara baada ya Azimio la Arusha. Watu wengi hukumbuka mashamba ya shule na majembe, wakasahau sehemu nyingine. Alitaka shule impe kila mtoto akili ya kudadisi. Uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kuchagua yamfaayo na kuyakataa yasiyomfaa. Na imani ya kuwa yeye ni mtu huru na sawa na wengine katika jamii. Mambo hayo matatu ni falsafa iliyovaa kaptura ya shule. Tujiulize kwa haki, je, mtoto wa Akeri au wa Sokoni apewa mambo hayo? Mara nyingi aandikiwa ubaoni, anakili, akariri, apewa mtihani, asahau. Afikapo sekondari husomeshwa karibu masomo yote kwa Kiingereza, na wengi ambao wangeweza kubishana vizuri kwa Kiswahili hunyamaza, wakajifunza kwamba mwanafunzi mwema ni yule arudiaye maneno ya mwalimu. Ilhali tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya mahakama zetu. Itakuwaje lugha itoshayo kumfunga mtu au kumwachilia isitoshe kumfundisha kufikiri?

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Twalipokea kwa furaha, lakini twaomba waalimu wasilifanye kuwa orodha ya tarehe na ya mambo ya kutii. Shauri la ardhi ya Meru lifundishwe darasani kama lilivyokuwa. Mtoto mmoja asimame aseme kwa niaba ya Wameru, mwingine kwa niaba ya Serikali ya wakati ule, kisha wabadilishane. Mtoto aliyekwisha kusema maneno ya upande asioupenda, tena akayasema vizuri, ni vigumu kumdanganya akiwa mtu mzima.

Kwani gharama ya kutofanya hivyo twaijua. Tarehe 5 Januari 2011 ugomvi juu ya uchaguzi wa meya wa mji huu uliishia katika maandamano, risasi na vifo vya watu 3. Na uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na fujo na vifo katika miji kadhaa ya nchi yetu, na mtandao ukafungwa. Gazeti hili si la chama chochote, na sisi watumishi tumekatazwa kushiriki siasa za vyama tukiwa kazini. Hatuandiki kumtaja mwenye kosa. Twasema tu ya kuwa mahali ambapo watu wamezoea kupewa sababu na kutoa sababu, njia ya kutoka katika neno mpaka kwenye jiwe na risasi huwa ndefu zaidi. Na urefu ule wa njia waweza kuokoa roho za watu.

Je, mtumishi afanye nini, maana yeye si mwalimu wala si mbunge? Twaona yako mambo manne aliyonayo mkononi mwake leo.

La kwanza, kila jibu la ofisi liwe na sababu. Mama ashukaye kutoka mlimani, akalipa nauli ya daladala, akangoja benchini tangu asubuhi, kisha akaambiwa "Ombi lako limekataliwa" na kufungiwa dirisha, amefundishwa siku ile ya kuwa serikali ni nguvu tu. Karani ampaye jibu lile lile la kukataliwa, lakini akamweleza kifungu gani kimelikataa na wapi aweza kukata rufani, amemfundisha ya kuwa serikali ni sheria. Majibu yote mawili ni "hapana", lakini la pili limemheshimu kama raia.

La pili, kumbukumbu za mikutano ziandike hoja za wachache. Mara nyingi twaandika tu, "Mkutano ulikubali." Nani alikataa, na kwa sababu gani? Yaandikwe. Mtu aonaye neno lake limehifadhiwa katika daftari ya serikali hukubali kushindwa kwa moyo mtulivu kuliko yule ambaye neno lake limefutwa.

La tatu, katika kazi za uchaguzi, ambazo wengi wetu huitwa kuzifanya, tuwe wa haki, na haki yetu ionekane. Hesabu ibandikwe mahali pa watu kuisoma, na aulizaye ajibiwe bila hasira. Tumesema ya kuwa kura haitoshi; lakini kura ikiwa na mashaka, hapana hoja yoyote itakayosikiwa baada yake.

La nne, chama chetu kifanye baraza la mjadala mara moja kila mwezi, kwa Kiswahili, na mabibi na vijana waingie kwa haki sawa. Twashauri sheria moja tu: kila msemaji, kabla ya kumjibu mwenzake, ayarudie kwanza maneno ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri, "Naam, ndivyo nilivyosema." Sheria hii ni nyepesi kuisoma na ngumu kuitimiza. Tusione haya kuanza na kidogo. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha kwanza cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walikuwa makarani na waalimu wachache tu. Lakini mazoea ya kukutana, kusemezana na kuandika yaliyosemwa yaliwatangulia wale walioleta uhuru mwaka 1961.

Wako watakaosema ya kuwa haya ni mambo ya polepole, na nchi ina haraka. Ni kweli, ni ya polepole. Mti wa kahawa nao hukaa miaka kabla ya kuzaa, na kila mtu wa Meru ajua ya kuwa asiyepanda leo kwa sababu ya haraka yake hatavuna kitu. Uchaguzi mwingine waja, na mwingine tena baada yake. Kila mmoja utatukuta na majirani wale wale, katika mlima ule ule, na kila mmoja utapima kama tumejifunza kusemezana au bado.

Mwanachama asiyekubaliana nasi na atuandikie. Tutayachapa maneno yake katika toleo lijalo kama alivyoyaandika, nasi kabla ya kumjibu tutayarudia kwanza, ili aone ya kuwa tumemsikia.

Mhariri.